Misumari Mitano ya Chumba cha Chai

Kosa ninaloliandika hapa ni uongo wa maandishi. Kwa miaka kumi na mmoja nilitia sahihi fomu zilizosema kwamba wafanyakazi wa idara yangu ya eksirei walivaa beji za kupimia mionzi kila siku ya kazi, na kwamba beji hizo hazikuonyesha chochote cha kutisha. Sehemu ya pili ilikuwa kweli. Hazikuonyesha kitu kwa sababu zilitundikwa kwenye misumari mitano katika chumba cha chai, kuta mbili kutoka ilipo mashine, mahali ambapo mionzi haikuwa na shughuli.

Nimelitaja kosa mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta mkosaji. Ni mimi. Wengine walikuwapo na nitawafikia, lakini sahihi ni yangu, na wino wake ulikuwa mweusi na mzito, kwa kuwa nilijivunia mwandiko wangu.

Hospitali yetu imejengwa mahali ambapo Kisii inakaribia kuwa Nyamira. Ukisimama nyuma ya chumba cha eksirei unaona migomba upande mmoja na majani chai upande wa pili, na asubuhi nyingi huoni lolote kati ya hayo mawili, maana ukungu huwa umelala juu ya kilima hadi saa tatu. Tulikuwa wafanyakazi watano. Kila mmoja alikuwa na beji yake, kidude cha plastiki kisichozidi ukubwa wa kiberiti, chenye klipu ya kukibana kifuani. Ndani yake mna kipande kidogo kinachoweka kumbukumbu ya mionzi yote iliyompitia mvaaji. Kila baada ya miezi mitatu beji zilitiwa katika bahasha, zikapelekwa Nairobi kusomwa, nasi tukaletewa nyingine. Majibu yalikuja kwa karatasi, na karatasi ikaja kwangu, mkuu wa idara.

Misumari niliirithi. Mkuu aliyenitangulia aliwahi kupata aibu. Mmoja wetu alisahau beji katika mfuko wa koti jeupe, koti likaenda kwa wafuaji, likachemshwa pamoja na mashuka na kupigwa pasi. Majibu ya beji hiyo yaliporudi yalionyesha kwamba mvaaji wake alipaswa kuwa marehemu. Ofisi ikaandika barua ya onyo. Mkuu yule akatafuta nyundo. "Beji ni mali ya hospitali," alisema akipigilia, "zikae mahali zitakapoonekana." Tangu siku hiyo tulizitunza beji kwa uangalifu mkubwa, na miili yetu ikaenda kazini peke yake.

Nilipokalia kiti chake ningeweza kuing'oa misumari siku ya kwanza. Sikuing'oa. Nilikuwa nimeshughulika kuwarekebisha watu: waliochelewa, walioacha milango wazi, waliokula mkate juu ya meza ya kazi. Kanisani, kila Sabato, nilifundisha darasa la watu wazima, na somo nililolipenda lilikuwa juu ya uaminifu katika mambo madogo. Watu walisema mimi ni mkali lakini wa haki. Niliyasikia maneno hayo na sikuyakanusha.

Majibu yalipofika niliyasoma kwa sauti wakati wa chai, jina baada ya jina, kama mwalimu anayesoma matokeo ya mtihani. Wote walikuwa chini ya kiwango kinachosomeka. Tulipiga makofi. Mwenzetu mmoja mwenye mdomo, ambaye hakuna jambo lililompita bila kulifanyia mzaha, aliugonga ukuta kwa kiganja.

"Huu ukuta una afya kuliko sisi wote," alisema. "Uandikiwe barua ya pongezi."

Tulicheka. Nilicheka nami.

Mlangoni alisimama mwanamke aliyesafisha idara yetu, amejiegemeza kwenye mpini wa deki. Hapa lazima nieleze jambo la lugha, kwa sababu habari hii yote inalizunguka. Katika Ekegusii, mama mzazi huitwa baba, na baba mzazi huitwa tata. Mgeni hulisikia neno hilo na kudhani watu wote wa kwetu wanamlilia mzee mmoja. Mwanamke yule alikuwa na umri wa mama zetu, ameajiriwa na kampuni ya usafi kwa mkataba uliofanywa upya kila baada ya miezi mitatu, kama beji zetu. Sisi sote tulimwita Baba. Yeye aliniita Tata, kwa heshima, ingawa angeweza kunizaa.

"Mnafurahia nini, Tata?"

"Tumepimwa, Baba. Tumeonekana wazima."

Alizitazama beji tano zilizoning'inia kwenye misumari. Kisha alitutazama sisi watano. Kisha akainamia deki yake na kuendelea na sakafu.

Kati ya wale watano alikuwamo dada mmoja mzaliwa wa Marani. Alikuja kwetu akiwa mwanafunzi wa mazoezi, nikamfundisha kazi mimi mwenyewe, ndiyo maana aliendelea kuniita Mwalimu hata baada ya kuajiriwa. Aliolewa upande wa Nyamira, kwenye nyumba iliyozungukwa na majani chai. Mikono yake ilikuwa myepesi na picha zake hazikurudiwa. Kwa sababu hiyo tulimpa kazi nzito kuliko wote, na tukaiita heshima.

Pikipiki za boda boda zilipozidi barabarani, mifupa nayo ilizidi kuvunjika. Walitoka Suneka, walitoka Marani, walitoka pande zote, mguu mmoja umefungwa kwa mbao za kreti ya soda. Katika chumba cha upasuaji tulikuwa na mashine yenye mkono uliopinda kama upinde, inayoonyesha mfupa kwenye kioo wakati daktari akipigilia vyuma. Dada yule alisimama kando ya mashine, mguu wake juu ya pedali.

"Piga," daktari anasema.

Anapiga.

"Tena. Hapo hapo. Piga tena. Usiondoe mguu."

Haondoi mguu. Mionzi ikimgonga mgonjwa haipiti yote. Mingine hutawanyika, kama maji yanavyoruka ukimimina ndoo juu ya jiwe, na anayelowa kwanza ni aliye karibu. Aproni yenye madini ya risasi ilimkinga kuanzia kifuani hadi magotini. Macho hayakukingwa na kitu. Ilikuwapo miwani moja ya risasi, na ilikaa katika droo ya daktari, ambaye hakuivaa kwa kuwa ilimlemea puani. Zile aproni nazo zinapaswa kutundikwa, ili risasi iliyo ndani isipasuke. Sisi tulizikunja na kuzilaza juu ya kiti. Beji, ambazo zinapaswa kuvaliwa, ndizo tulizitundika. Nimekaa na mawazo hayo mara nyingi, na bado sijapata namna ya kuyaeleza ambayo hainifanyi nionekane mpumbavu.

Tena kulikuwa na watoto. Mtoto aliyevunjika mkono hatulii mbele ya mashine, na anayefaa kumshika ni mzazi wake, mara moja, akiwa amevishwa aproni. Lakini akina mama wengi walikuwa waja wazito, na wengine waliogopa tu. Dada yule hakubishana nao. "Mama, wewe ngoja nje, nitamshika mimi." Mzazi angeshika mara moja katika maisha yake. Yeye alishika kila siku, kwa miaka saba. Katika mkutano wa idara nilisimama nikamsifu mbele ya wote, nikawaambia wengine wajifunze moyo wa kujitolea.

Asubuhi moja alifika amechelewa, nami nilimngoja mlangoni na saa yangu.

"Dakika ishirini," nilimwambia.

"Samahani, Mwalimu. Nimetembea polepole. Ukungu leo ni mzito sana."

Nilitazama dirishani. Jua lilikuwa limewaka juu ya majani chai kiasi cha kuweza kuwahesabu wachumaji mmoja mmoja.

"Ukungu gani?"

"Huo ni wa kwa mume wake," yule mwenye mdomo alisema kutoka ndani. "Ukungu wa Nyamira hauvuki mpaka bila kibali."

Tulicheka, naye alicheka pamoja nasi. Kisha aligeuka akatazama dirisha lile lile. Aliliziba jicho la kushoto kwa kiganja, akatazama kwa la kulia, na kicheko kikamtoka usoni.

"Mwalimu," alisema taratibu, "kwani huko nje kumewaka jua?"

Alikwenda Kisii mjini kwa daktari wa macho. Siku ya pili alinieleza yote, ameketi mbele ya meza yangu, mikono juu ya mapaja. Daktari alimwuliza umri. Ulikuwa thelathini na minne. Alimwuliza kama ana sukari, kama amewahi kugongwa jichoni, kama ametumia dawa fulani kwa muda mrefu. Hapana, hapana, hapana. Ndipo akamwuliza kazi.

"Anasema ni mtoto wa jicho, Mwalimu, lakini amekaa nyuma ya lenzi, mahali ambapo yule wa uzee si kawaida kuanzia. Anasema hawezi kuapa. Lakini amesema ningekuwa dada yake angenitoa katika chumba kile leo hii."

"Na la kushoto?"

"La kushoto lina punje. Ndogo. Anasema nikiondoka huenda itakaa hivyo hivyo ilivyo. Nikibaki, hajui. La kulia nitapasuliwa, sawa. Naomba hili la kushoto tu. Nipelekwe altrasaundi."

Altrasaundi hutumia sauti; haina mionzi. Chumba kilikuwapo, na aliyefanya kazi humo alikuwa karibu kustaafu. Ombi lilikuwa dogo na lenye haki. Aliandika barua, nami niliipeleka kwa msimamizi wa hospitali bila kuongeza neno, kwa kuwa neno la kuongeza lilikuwa moja tu na nililijua.

Msimamizi alituita sote wawili. Alikuwa mtu wa kutoka nje ya Ugusii, amekaa kwetu miaka mingi bila kujifunza hata salamu yetu, mpole wa sauti, mwenye kupanga kalamu zake kwa urefu. Mbele yake palikuwa na faili la majibu ya beji.

"Madam," alimwambia dada yule, "pole kwa macho. Lakini unasema ni kazi yetu iliyokuumiza, na mimi hapa nina karatasi za Nairobi." Alianza kuzifunua moja moja, akizigonga kwa ncha ya kalamu. "Hakuna kitu. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Miaka saba yako yote, hakuna kitu." Akanigeuzia faili. "Mkuu, hapa chini pameandikwa kwamba beji zilivaliwa kila siku. Hii si sahihi yako?"

"Ndiyo," nilisema.

Nilikuwa na nafasi ya kuongeza. Hakuna aliyenikatiza. Msimamizi alingoja kwa adabu, kalamu mkononi, na nje mtu alikuwa akisukuma toroli lenye gurudumu linalolia. Nilisikiliza gurudumu hilo hadi lilipofika mwisho wa korido.

"Basi," msimamizi alisema, "ugonjwa huu ameutoa kwao Marani. Sisi tuna upungufu wa watu katika upasuaji. Ombi tutaliangalia mwaka ujao."

Tulitoka. Katika korido alisimama.

"Mwalimu, umesema ndiyo."

"Ni sahihi yangu kweli."

"Sikuuliza habari ya sahihi." Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Siku ya kwanza kabisa uliniambia mionzi haionekani, hainuki, haisikiki, kwa hiyo anayefanya kazi nayo hana budi kuwa mkweli, maana hakuna kitu kingine kitakachomwambia mwenzake hatari iko wapi. Niliandika daftarini. Nilipigia mstari."

Aliingia katika chumba cha upasuaji. Mgonjwa alikuwa tayari mezani, na daktari alikuwa akiuliza kwa nini mashine inachelewa.

Nilijiambia kwamba ningesema kweli wakati ufaao. Watu wenye elimu kidogo huogopa na kujua kwamba wanaogopa. Sisi tuliosoma tuna maneno ya kuipamba hofu hadi ifanane na busara. Niliita kimya changu utaratibu. Nilikiita kulinda idara. Katika darasa la Sabato iliyofuata niliomba mtu mwingine afundishe, nikasema koo linaniuma.

Dada yule hakungoja mwaka ujao. Aliandika Nairobi, kwenye ofisi inayosimamia mambo ya mionzi, na baada ya majuma kadhaa barua ikaja kwamba mkaguzi angefika, siku fulani, saa fulani. Jana yake msimamizi alikuja mwenyewe katika chumba cha chai. Sikuwahi kumwona humo. Alisimama mbele ya beji zilizotundikwa, akazitazama kwa muda mrefu kama mtu anayesoma tangazo, na hakuniuliza lolote. Hapo nilijua kwamba alikuwa akijua.

"Hizi toa," alisema. "Kesho kila mtu avae. Na hapa pafunikwe."

Nilichukua koleo nikaing'oa misumari minne kwa mkono wangu. Wa tano niliuacha, nikatundika juu yake kalenda kubwa ya duka la mbolea, yenye picha ya ng'ombe wa maziwa. Baba alikuwa akifuta dirisha.

"Unabomoa, Tata?"

"Natengeneza, Baba."

"Haya," alisema.

Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba, mwenye Kiswahili cha kuzaliwa nacho, na hakupenda maneno mengi. Alitembelea vyumba, akainua aproni dhidi ya mwanga, akaandika. Kisha alituketisha watano katika chumba cha chai. Msimamizi hakuwapo, alikuwa jikoni akihimiza kuku wa mkaguzi. Beji zilimetameta vifuani mwetu kama za wageni wa harusi.

"Beji hizi huvaliwa?" mkaguzi aliuliza.

"Huvaliwa," alijibu wa kwanza.

"Huvaliwa," alijibu wa pili.

"Jana asubuhi zilikuwa ukutani," dada yule alisema. "Zimekuwa ukutani tangu nilipoanza kazi."

Wenzangu walitazama ndani ya vikombe vyao. Yule mwenye mdomo alikohoa.

"Mkaguzi, usimlaumu dada," alisema. "Ana shida ya macho. Pengine hakuona vizuri zilikokuwa."

Mmoja alitoa kicheko kifupi kisha akakimeza. Dada yule hakumtazama aliyesema. Alinitazama mimi, na jicho lake la kulia tayari lilikuwa na weupe ule wa maziwa katikati. Mkaguzi naye aligeuka upande wangu.

"Mkuu wa idara? Huvaliwa?"

"Huvaliwa," nilisema.

Nimeandika neno hilo peke yake katika karatasi mara kadhaa tangu siku ile, kuona kama lina sura. Halina. Ni neno la kawaida, na kulitamka hakukunichukua hata pumzi moja.

Ndipo Baba alipoingia na kitambaa chake. Alimsalimu mkaguzi, "Bwakire," akaomba ruhusa ya kupangusa, kama alivyofanya kila asubuhi wakati huo huo. Alipangusa meza ya birika. Alipangusa ukingo wa dirisha, akapangusa saa ya ukutani. Alifika kwenye kalenda, akaishika kwa mikono miwili na kuiteremsha, akaanza kumpangusa ng'ombe taratibu, huku ameupa ukuta mgongo.

"Baba!" dada yule alisema.

Ukuta ule ulipakwa rangi ya krimu zamani, na stovu yetu ya mafuta ya taa iliutia moshi kwa miaka hadi ukawa na rangi ya chai yenyewe. Lakini pale palipokuwa pamefunikwa moshi haukufika. Mistatili mitano ilionekana, myeupe, imepangwa safu moja, kila mmoja na tundu lake la msumari juu, isipokuwa ule uliobaki na msumari wenyewe.

Mkaguzi aliinuka. Alinikaribia, akaibandua beji kifuani pangu bila kuniomba, akaenda kuiweka juu ya mstatili wa kwanza. Iliingia sawasawa.

"Tata," Baba aliniuliza, kitambaa mkononi, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya ndizi katika soko la Daraja Mbili, "hizi vidude zenu leo zimehama? Mimi huzipangusa kila asubuhi, na saa. Leo nimepangusa saa peke yake."

"Kila asubuhi?" mkaguzi alimwuliza.

"Kila asubuhi ya kazi, tangu niletwe hapa. Vumbi ya hapa ni mingi."

Sijui hata leo kama alifikiri kwamba atapoteza kazi. Mkataba wake ulikuwa umebakiza siku chache. Najua tu kwamba aliitundika tena kalenda ukutani, sawasawa, bila kuipindisha, kabla hajatoka.

Mkaguzi aliuliza kwa mara ya pili. Safari hii nilisema kweli yote: misumari, fomu, miaka. Msomaji asiniwekee jambo hilo katika hesabu ya wema. Aliyeungama ni yule anayesema kabla ya ukuta kusema. Mimi nilikamatwa.

Mezani, kuku alipoletwa, msimamizi alikwisha kupata habari kwamba mambo yameharibika, lakini hakujua yameharibikaje. Aliuliza kwa upole wake ni nani aliyemwonyesha mkaguzi ukuta.

"Mmoja wa watu wako wa usafi," mkaguzi alijibu, akinawa mikono. "Sikuchukua jina. Wenyewe walimwita Baba."

Kiswahili hakisemi kama mtu ni mwanamume au mwanamke mpaka ukiulize, na msimamizi hakuuliza. Kampuni ya usafi ilikuwa na wanaume watatu. Juma zima aliwaita ofisini mmoja mmoja, mwenye watoto na asiye na watoto, akitaka kujua ni nani kati yao anayeitwa Baba. Walitoka wakitikisa vichwa. Wakati huo wote Baba alipita na deki mbele ya mlango wake, asubuhi na alasiri, na mara moja alimwomba ainue miguu.

Hatimaye aliniita mimi.

"Mkuu, wewe ni mtu wa haki. Huyu Baba ni nani?"

"Hapa kwetu," nilimjibu, "kila mtu ana wake."

Lilikuwa neno la kweli, na ndilo neno la kweli pekee nililomwambia mtu yule kwa hiari yangu. Hata mwenzetu mwenye mdomo, aliyekuwa amesimama mlangoni na angeweza kumfurahisha mkubwa kwa sentensi moja, aliuma midomo yake akaondoka. Mkataba wa Baba ulifanywa upya, na ukafanywa upya tena, hadi alipochoka mwenyewe akarudi kwenye majani chai yake Nyamira.

Dada yule alihamishiwa altrasaundi kabla ya juma kwisha. Nilivuliwa ukuu wa idara, na mimi ndiye niliyeingia katika chumba cha upasuaji badala yake, nimevaa beji na ile miwani inayolemea pua. Majibu ya kwanza ya kweli yalipokuja, beji yangu haikuwa chini ya kiwango kinachosomeka. Mimi sikushika watoto, nilikuwa na miwani, na ilikuwa miezi mitatu tu. Yeye alikaa pale miaka saba.

Ni kiasi gani kilichompitia? Hakuna ajuaye, na hakuna atakayejua. Siku zile hazipimiki tena. Hospitali iliandika kwamba palikuwa na kasoro za utaratibu ambazo zimerekebishwa. Hakuna karatasi hata moja inayosema kwamba jicho lake liliumizwa na kazi. Zilizopo katika faili zinasema hakuguswa na kitu, na chini ya kila moja kuna ule mwandiko niliojivunia. Jicho la kulia alipasuliwa. Linaona, lakini taa za magari huliumiza. Kila baada ya miezi sita huenda Kisii kutazamwa la kushoto. Haniiti tena Mwalimu. Huniita kwa cheo changu cha sasa, kilichoandikwa kwenye kitambulisho, na hulitamka lote.

Mwezi uliopita alirudi kutoka kwa daktari wa macho nikiwa katika chumba cha chai peke yangu. Ukuta umepakwa rangi upya, lakini ukiinama mwanga ukiwa upande, bado unaona matundu. Alijimiminia maji, akanywa amesimama.

"La kushoto?" nilimwuliza.

"Punje ipo. Haijasonga."

"Haijasonga kabisa?"

"Pale pale ilipokuwa siku nilipoondoka upasuaji."

Nilisema lililonijia kwanza, kwa sauti yangu ya darasa la Sabato. "Tumshukuru Mungu."

Aliosha bilauri, akaifuta, akaifudikiza mahali pake. Aliutazama ukuta, kisha akanitazama mimi kwa macho yote mawili.

"Wewe mshukuru Mungu," alisema. "Una mengi ya kuzungumza naye. Mimi namshukuru Baba."